Mali ya Bahari na Daftari Lake

Jamaa zangu, katika mjadala juu ya matumbawe na samaki wa mapambo, sisi watu wa pwani hatuna haki ya kujifanya wageni. Nyumba za mababu zetu Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyozipamba ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanurini. Basi swali halikuwa kamwe kama mwanadamu atachukua kitu baharini. Swali ni achukue kiasi gani, kwa idhini ya nani, na nani ataandika hesabu.

Hapa Plano swali hilo limeingia nyumbani mwetu. Mjukuu wangu amewekewa hodhi la kioo la maji ya chumvi, naye ataka samaki aliyetoka Kenya, ili babu yake apate jirani wa kwao. Mama yake apinga, akisema kwamba samaki aliyeondolewa mwambani ni mateka. Baba yake ajibu kwamba mzamiaji wa Shimoni naye ana watoto, na kwamba samaki mdogo wa mapambo humpatia fedha zaidi kuliko angeuzwa kwa kitoweo. Wote wawili wamesema kweli, na kwa sababu hiyo shauri likaletwa kwangu.

Niliwasimulia habari ya Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kilifi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa huko waliona bahari yao ikidhoofika. Uvuvi ulikuwa umezidi. Joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua matumbawe mengi ya pwani yetu. Na wakusanyaji wa samaki wa mapambo walichukua bila utaratibu. Mwaka 2005 wanakijiji wenyewe walifunga eneo la hekta 30 hivi, likaitwa tengefu, yaani lililotengwa. Samaki walirejea, na wanaovuka mpaka wake huwa riziki ya wavuvi walio nje. Watu hao hawakusema bahari isiguswe. Walisema pawepo mahali pasipoguswa.

Nimekula mkate wa ukarani maisha yangu yote, na methali niliyoishika ni hii: mali bila daftari huisha bila habari. Matumbawe magumu yana daftari, kwa kuwa yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayauzwi nchi za nje bila kibali. Samaki wa mapambo walio wengi hawamo. Farasi wa baharini ni miongoni mwa wachache waliomo. Dallas–Fort Worth, kama Houston, ni miongoni mwa bandari zilizoteuliwa na serikali ya Marekani kupokea viumbe wa porini, na shehena hutolewa taarifa. Lakini mara nyingi samaki wa aina nyingi wameandikwa kwa jina moja la jumla. Karani anayeandika "bidhaa mbalimbali" amefunga kitabu tu, hakufanya hesabu.

Hivyo nikaamua. Matumbawe ya porini hayataingia, kwani kipande kilichokatwa hodhini huota, na wafugaji huuziana vipande hivyo. Samaki ataingia ikiwa amezalishwa hodhini, au ikiwa muuzaji aweza kutaja pwani alikovuliwa. Najua uamuzi huu wamgusa mzamiaji wa Shimoni. Lakini mwamba ukifa, yeye ndiye wa kwanza kulala na njaa, ilhali sisi wa huku tutabadilisha pambo tu.

Juma lililopita tulikwenda dukani. Mjukuu akauliza kwa adabu samaki yule wa manjano ametoka wapi. Akajibiwa, "Bahari ya Hindi." Akanitazama, kisha akasema hiyo si anwani. Tukanunua wawili waliozalishwa hapa hapa Marekani, na wa Kenya bado twamsubiri, pamoja na karatasi zake.