Penye Maji Pana Wengi

Marehemu mjomba, aliyenilea hapa Ngagara, alikuwa mwindaji ujanani mwake. Alinifundisha kwamba amwoteaye pongo kando ya maji hutangulia kujiuliza mambo mawili: upepo watoka wapi, na kiboko atapita njia ipi kwenda malishoni usiku. Sahibu yake alilipuuza la pili kandokando ya Mto Rusizi, hakurudi. Mjomba akautundika mkuki wake, asiushike tena.

Mlango wa mto huo umehifadhiwa tangu 1980, na kuwinda humo ni marufuku. Lakini kila nifundishapo methali “Simba mwenda pole ndiye mla nyama”, huwaambia wanafunzi: kwenda pole si woga, ni kukumbuka kwamba maji hayo yana wenyewe.