Bunagana: Mkono uliokunjwa na moto, na maswali ya kumpelekea daktari

Mama mmoja wa Bunagana, katika teritware ya Rutshuru, anajiandaa kushuka Goma kuonana na daktari mpasuaji. Mkono wake wa kuume haunyooki. Ngozi iliyoungua ilipopona ilijikaza, ikakivuta kiwiko.

Familia nyingi zinaijua njia aliyopita. Tarehe 13 Juni 2022 M23 iliingia Bunagana. Wengine walivuka mpaka kuelekea Kisoro, Uganda. Wengine walikimbilia Rutshuru, na baadaye Kanyaruchinya, karibu na Goma. Yeye alifika Kanyaruchinya. Kambini watu walipikia ndani ya vibanda vya turubai, babula karibu na godoro, watoto karibu na babula. Siku moja sufuria ya maji ya moto ilipinduka. Aliweka mkono mbele ya mtoto wake. Mtoto hakuguswa.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, naye akarudi nyumbani. Leo kumfunga mtoto mgongoni ni shida, na bido ya maji anabebewa na binti yake. Sokoni anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Jirani anamwambia: «Mama, umeshapona. Unataka kupasuliwa kwa ajili ya urembo?» Neno hilo limemchelewesha kuliko nauli.

Lakini ufundi wa kurekebisha mwili ulikua sana vitani. Wakati wa vita vya 1914–1918, Harold Gillies alitengeneza upya nyuso za askari huko Uingereza. Katika vita vya pili vya dunia, Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua mikono na nyuso. Askari hao hakuna aliyewaambia wanatafuta urembo. Goma nayo ina uzoefu wake: katika hospitali ya CBCA Ndosho wapasuaji wa CICR wamewahudumia majeruhi wa vita kwa miaka mingi.

Muuguzi wa kituo cha afya amemsaidia kujiandaa. Kwanza, akusanye fishi zote za zamani na akumbuke tarehe aliyoungua, maana kovu huchukua mwaka au zaidi kukomaa, na daktari hupima umri wake. Pili, ataje dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, na zile zilizowahi kumdhuru. Aseme pia kama ana kisukari, presha au mimba, na kama anavuta sigara, kwa kuwa sigara huchelewesha kidonda kupona. Tatu, avae nguo itakayoruhusu mkono wote kuonekana, hadi begani.

Kisha maswali. Ngozi ya kuziba sehemu itakayofunguliwa itatoka wapi? Mara nyingi hutolewa pajani, na hapo pia patabaki alama. Nitapasuliwa mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa na kufungwa kidonda? Kovu litaisha? Hili asidanganyike: kovu linaweza kulainika na kuachia kiwiko, lakini halifutiki.

Swali zito kuliko yote ni la baada ya kupasuliwa. Mkono hufungiwa kibao ili ubaki umenyooka, kisha hufuata mazoezi ya wiki nyingi, hata miezi. Yakiachwa, ngozi hujikaza tena na kazi yote imepotea. Kutoka Bunagana hadi Goma ni karibu kilomita 100. Kwa hiyo kabla ya kukubali siku ya kupasuliwa ni lazima ajue atalala kwa nani Goma, nani atabaki na watoto, na nani atamfundisha mazoezi akirudi. Tayari ameongea na dada yake anayekaa Goma.

Muuguzi alimwambia pia aandike yale anayotaka mkono uweze kufanya. Aliandika: kufunga mtoto, kubeba maji, kulima. Chini yake aliandika: kuvaa mikono mifupi. Halafu akalichora mstari hilo la mwisho, kwa haya.

«Liandike tena, mama,» muuguzi akamwambia. «Daktari anapaswa kulisikia hilo pia.»

Ameliandika tena.