Pampu ya Kupanda Mlima

Mtu wa Kitendaguro hahitaji mwalimu wa fizikia kumwambia kwamba maji ni mazito. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na ukiipandisha mlimani kichwani, shingo ndiyo itakayokupa cheti. Ndiyo maana nashangaa, ndugu msomaji, nikimwona kijana wa huku huku anaingia dukani kutafuta pampu ya tangi la samaki, anasoma namba iliyoandikwa kwa wino mkubwa kwenye boksi, analipa, huyoo! Mlima kausahau.

Mimi nafuga furu. Wapo wanaonicheka: "Waitu, kitoweo unakijengea nyumba ya vioo?" Wacha wacheke. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 akawa ameshawafagia wengi mno. Baadhi ya aina zilihifadhiwa kwa kufugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Hebu fikiri: samaki wa nyumbani kwetu, uhai wake unashikiliwa na pampu iliyoko ng'ambo! Tangu nijue hilo, suala la pampu silioni kuwa mchezo.

Mtambo wenyewe ni rahisi. Tangi la samaki liko juu, na la pili liko chini yake. Maji yanafurika kutoka la juu, yanashuka kwa bomba, yanachujwa huko chini, halafu pampu inayarudisha juu. Wafugaji wa samaki wa bahari, wa Dar au Zanzibar, wanaweza kutumia mtambo huo huo, ila wao waangalie na shafti: chumvi ikikuta chuma hafifu, kutu inakila. Afadhali shafti ya kauri.

Sasa ile namba ya boksi. "Lita 3,000 kwa saa" ni mbio za pampu ikiwa haipandishi kitu. Ni sawa na mshikaji anayejisifu kwa kukimbia ufukweni. Mlete apande Kitendaguro na ndoo tuone! Geuza boksi, tafuta namba ya pili, ile ya kimo. Ikisema mita 2.5, maana yake kwenye mita 2.5 halitoki hata tone. Kwangu maji yanapanda mita 1.2, na hapo pampu kama hiyo inaweza kubakiwa na nusu tu ya mbio zake. Kila kona ya bomba nayo inakula chake, na bomba jembamba ndo noma kabisa.

Maji kiasi gani yanatosha? Kwa tangi la lita 200 mimi nataka lita kama 1,000 kwa saa, yaani maji yote yazunguke mara tano. Kupima ni rahisi: kinga ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba kule juu. Ikijaa kwa sekunde 72, umefika.

Muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, chukua kubwa kabisa, umalize kazi." Aka! Pampu hailali. Ya wati 40 inakula karibu uniti moja ya luku kila siku, uniti 30 kwa mwezi. Kubwa kupita kiasi inapasha maji joto, inapiga kelele, na kama bomba la kushushia halimudu mbio zake, sebule inageuka ziwa.

Lakini swali kubwa kuliko yote halimo kwenye boksi: umeme ukikatika je? Pampu ikisimama, maji ya juu yanarudi chini kwa bomba lile lile, yanajivuta yenyewe mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Tangi lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 40 linashusha lita 4 kwa kila sentimita moja ya kina. Mdomo ukizama sentimita 10, hizo ni lita 40! Uweke karibu na uso wa maji, na tangi la chini uliachie nafasi ya kuyapokea. Valvu ya njia moja inasaidia, ila uchafu kidogo tu unaizuia kufunga. Usiiamini peke yake.

Mimi nilichagua pampu ndogo ya volti 12, inayoweza kuendeshwa na betri. Bei yake ilizidi ile kubwa. "Umelizwa," jirani akasema. Labda. Lakini furu jike hutunza mayai yake mdomoni. Siku zote hizo anakaa pembeni kimya, anafunga kula, anavuta pumzi tu. Umeme ukienda usiku na maji yakalala, hewa inapungua humo majini. Mama huyo hana haja na pampu yenye mbio. Anataka isiyokoma.

Basi, ukiwa dukani, usiulize pampu inakimbia kiasi gani. Uliza inapanda wapi. Na ukishaifunga nyumbani, chomoa waya mwenyewe, mchana kweupe, ukiwa na tambara la deki mkononi. Usingoje giza likufanyie jaribio hilo.