Bafu linang'aa, maji hayaendi!

Sisi vijana wa mjini bwana, tunapenda vitu vya kung'aa. Viatu ving'ae, simu ing'ae, na sasa hata bafu! Pita Gerezani jioni uone watu walivyokodolea macho marumaru, utadhani wanatazama picha za harusi. Lakini nani anauliza chini yake kutakuwa na nini?

Nyumba yetu hapa Kariakoo ni ya zamani, vyumba huku na huku, bafu uani. Sakafu ya bafu ilikuwa na mabonde na vilima kama Usambara. Ukioga, maji yanakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu. Bibi yetu, ambaye macho yameshaanza kumgomea, aliteleza humo mara mbili. Mara ya pili akafungwa hogo mkono mzima.

Kaka alipopata vijisenti akaleta fundi. Huyo kuchungulia tu: "Sista, kazi ya siku moja hii. Penye bonde tunajaza gundi, marumaru juu, mchezo umekwisha!"

Nikakataa katakata. Gundi ya marumaru ni ya kunatishia, si ya kufukia mashimo. Ikiwekwa nene mno, inasinyaa ikikauka na kuacha uwazi chini. Ukigonga, marumaru inalia kama debe tupu. Siku ndoo ikidondoka, imepasuka! Kaka akaninunia siku mbili. Nikamuuliza: bafu hili tunamtengenezea nani, wageni au bibi?

Fundi wa pili, baba wa makamo, alianza na pima maji. Vilima akavichonga kwa tindo, akaosha vumbi, akapaka uji wa saruji. Ndipo akamwaga sakafu mpya, saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, ikishuka sentimita mbili kila mita kuelekea kwenye tundu. Wiki nzima tukawa tunaimwagilia maji isipasuke, na kuoga tunaomba kwa jirani, taulo begani!

Ilipokomaa, tukamwaga ndoo ya maji. Yote yakaenda tunduni, hakikubaki kidimbwi. Hapo ndipo marumaru zikawekwa, zile zenye mikwaruzo zisizoteleza. Hazing'ai sana, kaka bado analalamika. Bibi anaingia peke yake, haiti mtu.

Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo mshikaji akikuringishia bafu jipya, usimsifie haraka. Mwaga kopo la maji kwanza, uone yanaelekea wapi!