Rangi Ambayo Hatukuiona



Mwezi Februari tulikuwa wageni mjini Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei. Mama yetu mzazi alikuwa ametuagiza jambo moja tu: tumletee picha ya mianga ya kaskazini. Tulibeba kamera ya kuazima, na ujuzi wetu uliishia kwenye picha za harusi na komunyo ya kwanza.

Usiku wa kwanza tuliaibika. Flashi ilimulika mvuke wa pumzi zetu, lenzi ikahangaika gizani isipate cha kushika, na baridi ikaimaliza betri upesi.

Mwenyeji wetu hakutucheka. Kesho yake alituelekeza: kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu, flashi izimwe, lenzi ilengwe kwa mkono kwenye nyota yenye kung'aa, ifunguliwe hadi f/2.8; ISO iwe 1600; nayo ikusanye mwanga kwa sekunde 10. Ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, kidole kisije kikaitikisa. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Yapata saa tano usiku, utepe hafifu ulitanda juu ya milima, wa kijivu kama moshi wa jikoni upenyao katika makuti. Kumbe kamera ilionesha kijani kibichi cha mpunga mchanga! Tulidhani imeharibika. Mwenyeji akatueleza kwamba rangi hiyo ni ya kweli: chembe zitokazo katika Jua, zikiongozwa na usumaku wa Dunia, huigonga oksijeni kiasi cha kilomita 100 juu yetu, nayo hutoa mwanga wa kijani. Jicho la mwanadamu hutambua rangi kwa shida gizani. Kamera huukusanya mwanga kidogo kidogo.

Nyumbani, mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

“Baba, hivi ndivyo ulivyoona?”

Tulitamani kuitikia ndiyo. Tukakiri kwamba macho yetu yaliona mfano wa moshi tu. Kijani kilionwa na kamera.

Akaiweka picha mezani. “Basi nieleze huo moshi.”

Tukamweleza ulivyojikunja, ukafifia, ukarudi bila sauti, nasi vidole vimekufa ganzi. Alisikiliza hadi chai ikapoa.

Nawe unayejaribu kwa mara ya kwanza, kamera ikishaanza kuhesabu sekunde zake 10, inua macho. Utakayoyaona hapo ndiyo utakayoulizwa nyumbani.

Tuonane juma lijalo.