Trakta Isiyomalizika Inauzishwa Beyi Gani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya usafi wa internat, juu ya wale wanaochelewa kwenye sala ya asubuhi, na juu ya mpira. Mimi mwenyewe, kwa kazi yangu ya mkubwa wa wanafunzi, nimeandika mara nyingi juu ya mambo hayo. Leo naomba nafasi ya kueleza jambo lingine: namna gani mtu anaweza kujua beyi ya kitu cha zamani ambacho kiliharibika, mwenyewe akaanza kukitengeneza, lakini hakukimaliza. Nyumba nyingi ziko na kitu cha namna hii. Kwa mmoja ni motokari juu ya mawe, kwa mwingine ni mashine ya kusaga bila mota, kwa mwingine ni ukuta bila mabati. Siku ya shida inafika, watu wanataka kukiuzisha, na hapo mabishano yanaanza.

Kwetu ilikuwa trakta. Ni Massey Ferguson 35, rangi nyekundu na kijivu, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa barabara ya Kasenga ndiye aliyeileta huku Katanga. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapita katika mikono ya wenyeji wa Zaire. Shamba lile lilipewa mtu ambaye hakujua kulima, na katika 1976 kambo wangu alinunua trakta kwake kwa karatasi yenye muhuri. Ililima mahindi miaka zaidi ya makumi mawili. Vita ya 1998 ilipoanza, pyesi zilikosekana, na trakta ikasimama. Katika 2014 baba yangu alianza kuifungua ili aitengeneze upya. Alikuwa akinunua pyesi moja moja, kila mara alipopata feza. Katika 2021 baba akafariki. Trakta ikabaki chini ya mwembe: mwili juu ya magogo, mota imefunguliwa, na pyesi zingine ndani ya masanduku saba.

Mwaka uliopita mama alisema hakuna njia nyingine. Minervale ya wadogo zangu watatu ilikuwa haijalipwa, na mimi nilikuwa naingia kalasi ya mwisho, fasi ambapo kuna feza ya kujiandikisha kwa Egzamini ya Serikali. Aliita jamaa. Kila mtu alikuja na beyi yake kichwani.

Baba mkubwa alisema: « Chini ya dola elfu mbili, hapana. Mdogo wangu alitosha feza nyingi pale ndani. » Alikuwa na kaye ya marehemu mkononi, na kweli, jumla ya pyesi zote zilizonunuliwa tangu 2014 ilikuwa dola 1.900. Binamu mmoja alionyesha katika simu picha ya trakta kama yetu huko Uingereza, inang'aa kama sahani, na beyi yake ilikuwa kubwa kupita ile ya baba mkubwa. Baba mdogo yeye alisema: « Hii chuma imekwisha kufa. Watu wa mitraye wanatoa dola 150 leo leo, na wanakuja kuibeba wenyewe. Mama ya batoto akamate feza, tutoke mu hii maneno. » Halafu wakanigeukia: « Weye uko na masomo, tufanyie hesabu. »

Ndugu wasomaji, niliona upesi kwamba wazee hawa hawakuwa wanabishana juu ya kitu kimoja. Mmoja alitaja feza iliyotumika. Wa pili alitaja beyi ya trakta iliyomalizika, tena katika inchi ambako watu wanakusanya trakta za zamani kwa kuzipenda tu, na wanalipa zaidi kama rangi na bamba la namba ni vya kwanza. Wa tatu alitaja beyi ya kilo za chuma. Hakuna aliyetaja beyi ya kile kitu chenyewe kilichokuwa chini ya mwembe.

Nilienda kwanza kwa fundi mzee wa mota, ambaye anahudumia mashamba ya upande wetu. Kabla ya kusema neno juu ya feza, aliniuliza: « Pompi yake iko na tuyo ngapi za kupeleka mazuti? » Nikasema tatu. Akafurahi, akanieleza sababu. MF 35 za kwanza za mazuti zilikuwa na mota ya silinda nne, ambayo ilikuwa ngumu kuwaka kwenye baridi. Tangu mwisho wa 1959 ziliwekwa mota ya Perkins ya silinda tatu. Mota ile ile ya silinda tatu ikaendelea katika Massey Ferguson 135, iliyoanza kutoka 1964. Kwa hiyo pyesi zake zinapatikana mpaka leo. Yeye anaziagiza Zambia, kupitia Kasumbalesa. « Trakta mbili za rangi moja na mwaka karibu mmoja, » akasema, « moja inanunuliwa, ingine inaachwa, ni sababu ya ile mota. »

Halafu aliuliza juu ya nguvu ya mafuta inayoinua jembe nyuma. Hii ndiyo kazi ya Harry Ferguson, yule fundi wa Ireland: jembe linafungwa kwa mikono mitatu nyuma ya trakta, na pompi ya mafuta inaliinua na kulishusha. Kama pompi ile imekufa, trakta itavuta rimoki tu. Mtu wa shamba hatalipa beyi ya kulima kwa kitu cha kuvuta rimoki.

Nilirudi nyumbani na kaye mpya. Hesabu niliyoifanya ni hii, naiweka hapa ili atakayeihitaji aichukue.

Kwanza: trakta kama hii, nzima, yenye kulima, inauzishwa beyi gani hapa kwetu? Si beyi ambayo mwenye mali anaitaja, ni ile ambayo mnunuzi aliilipa kweli. Tuliuliza mashamba matatu, na tukakamata dola 3.500.

Pili: inakosa nini mpaka ilime? Shemizi, pistoni, segma na kusine, 480. Kutengeneza pompi ya mazuti na enjektere tatu, 260. Pine mbili kubwa za nyuma, kipimo 11-28, 520. Betri, dinamo na waya, 170. Pompi ya kuinua jembe, 200. Mkono wa fundi, 300. Kuibeba mpaka garaji, 120. Jumla ni dola 2.050. Ukitosha hiyo katika 3.500, inabaki 1.450.

Tatu: mambo ambayo macho hayaoni. Fundi alisema kwamba katika maisha yake hajaona kazi ya mota iliyomalizika kwa feza iliyoandikwa mwanzoni. Mnunuzi naye anajua hivyo. Tukaweka robo ya matengenezo, karibu 510. Inabaki 940.

Nne: faida ya yule atakayemaliza kazi. Hakuna mtu atakayechukua taabu ya miezi mingi ili mwishowe awe na trakta kwa beyi sawa na ile ambayo angeikuta tayari. Tukaweka 200. Inabaki 740.

Kisha nikapima kwa njia ya pili: kuifungua yote na kuuzisha pyesi moja moja. Sanduku la vitesi 250, ekseli ya nyuma 200, ya mbele 90, usukani 60, vyombo vya kuinua jembe kama vilivyo 120, rimu 80, kifuniko cha mota 40. Ni 840! Baba mdogo aliposikia, akageuka: « Basi tuivunje. » Lakini mtu wa vitesi anaweza kuja mwezi huu, na yule wa ekseli baada ya mwaka. Minervale haingoji mwaka. Tena kitakachobaki mwishoni kitaenda mitraye. Feza ya kaye na feza ya mkononi si moja.

Nilipowasomea hesabu, baba mkubwa alinyamaza kwanza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: « Na ile 1.900 ya mdogo wangu iko wapi? » Swali lile lilikuwa zito kwetu sote, sababu hakuwa anauliza juu ya feza tu. Sisi watoto tulimwona baba jioni nyingi, taa ya mkono imefungwa kwenye tawi, anasugua pyesi kwa mazuti. Kusema 740 ilikuwa kama kusema kwamba jioni zile hazikuwa kitu.

Nilijibu namna nilivyoweza. Kazi ya baba iko ndani ya hesabu, lakini si kwa beyi aliyoilipa. Iko katika yale yasiyoandikwa kwenye kipande cha pili. Radiyatere haiko kwenye orodha, sababu alikwisha kuinunua. Ambreyaje haiko, sababu alikwisha kuiweka mpya. Mnunuzi analipa kile kinachomwondolea kazi. Hawezi kulipa siku ambazo pyesi zililala ndani ya sanduku. Mama akasema: « Kama baba yenu angekuwa hapa, angeuliza watoto wanasoma ao hawasomi. » Hakuna aliyeongeza neno.

Hapo fundi akatupa shauri ambalo, kwangu mimi, ni la maana kupita hesabu yote. Alisema: « Musipake rangi. Rangi inafanya mnunuzi aogope, anafikiri munaficha kitu. Mulipe nipime vilbreke na bloki. » Kipimo kiligharimu dola 60, na mama aliuzisha gunia za mahindi ili kuilipa. Vilbreke ilikutwa nzuri, bloki haina mpasuko. Aliandika vipimo kwenye karatasi na kutia sahihi. Sisi watoto tulifungua masanduku saba, tukasafisha kila pyesi, tukaifungia karatasi yenye jina lake. Tukatafuta karatasi ya kambo ya 1976, tukaiweka pamoja na kaye ya baba. Na sababu Sheria ya Jamaa ya 1987 inaweka watoto mbele katika urithi, tuliandika pia karatasi ya makubaliano, ambayo mama, watoto wakubwa na ndugu wa baba walitia sahihi, ili mnunuzi asiogope kwamba kesho mwingine atakuja kudai.

Basi ile 510 ya mambo yasiyoonekana haikuwa tena 510. Fundi aliishusha mpaka 250. Kwa dola 60 beyi ilipanda dola 260, ikafika 1.000. Ndiyo neno ninalotaka mlishike: kitu kisichomalizika kinapoteza beyi sababu ya kukosa pyesi, lakini kinapoteza pia sababu ya kutojulikana. Kama huna feza ya kukimaliza, tafuta feza ndogo ya kukifanya kijulikane.

Jambo la mwisho ni wakati. Baba mdogo alitaka tuuzishe katika mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu mvua ingali inanyesha, mashamba yamekwisha kulimwa, na trakta inaonekana kama mzigo. Tulingoja mwezi wa nane, wakati watu wa mashamba wanahesabu siku za kulima kabla ya mvua kurudi. Walikuja watu watatu. Wa kwanza alitoa 400, akaona karatasi, akapanda mpaka 600. Wa pili hakurudi. Wa tatu alikuwa mkulima aliye na MF 135 na mtoto wake fundi. Alisoma kipimo cha vilbreke mara mbili, akahesabu masanduku, akalipa dola 950 mkono kwa mkono. Wadogo zangu watatu walirudi kalasini siku ya kwanza ya masomo. Mimi nimejiandikisha.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu kama ataweza kumaliza. Wahubiri wetu wanaipeleka mara nyingi kwa wale wanaoanza. Naona inafaa pia kwa wale wanaorithi mnara wa nusu. Baba hakuhesabu vibaya; kifo ndicho kilikata hesabu yake. Lakini wenye kubaki wanapaswa kukaa chini na kuhesabu tena, bila aibu, bila kudharau mikono ya aliyeanza, na bila kuweka huzuni yao juu ya mgongo wa mnunuzi.

Baba mkubwa aliomba kitu kimoja tu siku trakta ilipopandishwa kwenye lori: ile kaye. Mnunuzi alikubali, mradi mimi nikopi orodha yote ya pyesi na tarehe zake. Nilikopi kurasa kumi na moja kwa bik, usiku mmoja.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho