Macho Makavu Msibani

Mei 6, 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa Arusha lilitumbukia korongoni kule Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Niliyatazama majeneza kwenye televisheni, yamepangwa safu katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikalia mpaka mke wangu akaja kuizima. Hakuna hata mtoto mmoja kati ya wale niliyemjua. Mdogo wangu wa tumbo moja alipokuja kufa barabarani, sikutoa chozi.

Simu ilipigwa kwa namba yake. "Samahani, mwenye simu hii ni nani yako?" Sauti ya mtu mzima, taratibu, ya mtu asiyetaka kujibiwa. Mdogo wangu alikuwa kwenye pikipiki karibu na Segera, lori likamgonga. Nikauliza wamempeleka hospitali gani. Nikauliza gari la kumleta nyumbani ni shilingi ngapi, nikaandika nyuma ya risiti ya dukani. Nikaingia mochwari, nikamtambua, nikasaini.

Wakati wa kumwosha nilikuwamo. Alikuwa fundi magari, na grisi ilikuwa imejaa chini ya kucha zake. Mwoshaji akawa anaitoa kwa kijiti, kidole baada ya kidole, hana haraka, huku chumba kikinukia kafuri. Mimi nilikuwa nikimiminia maji, nikiwaza kwamba grisi ile ingetoka upesi kwa mafuta ya taa. Sikuwaza kingine.

Mwanzoni nilisifiwa: mwanamume amejikaza. Kufikia siku ya tatu sifa zilikuwa zimegeuka. Nilisikia nyuma ya turubai, "Kaka mtu, mbona hata hasikitiki?" Nami usiku nilijiuliza hivyo hivyo, maana nilimlea yule kijana, na sasa nilikuwa nikila ubwabwa wa matanga kama mgeni aliyepita njia. Dini yetu inatukataza kupiga mayowe na kujirarua, haijakataza machozi. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kwa hiyo hata kisingizio cha dini sikuwa nacho. Nilijihesabu kuwa mtu asiye na moyo.

Kila aliyekuja kuhani aliuliza, "Ilikuwaje?" Nikasimulia. Akaja mwingine, nikasimulia tena, maneno yale yale, mpaka nikawa kama msomaji wa taarifa ya habari. Najua wanaouliza hawana nia mbaya, ni namna yetu ya kuubeba mzigo pamoja. Lakini hata Shirika la Afya Duniani halishauri mtu aliyetoka kupatwa na kiwewe ashinikizwe kusimulia yote papo hapo kwa kudhani ndiyo tiba. Akitaka mwenyewe kusema, asikilizwe. Asipotaka, kuna mambo mengine ya kumfanyia. Jirani yetu mmoja mzee hakuniuliza lolote. Alichukua simu yangu akawa anaipokea yeye, akanisimamia nile, kisha akanituma kuchota maji. Nikiwakumbuka wote waliofika siku zile, ninamkumbuka yeye kwanza.

Arobaini ikapita na ganzi ikabaki. Chakula hakikuwa na ladha, mwanangu alipofaulu mtihani nilimpongeza kwa mdomo tu. Kisha, katika mwezi wa tatu tangu msiba, kitu kikarudi, na hakikuwa majonzi. Ilikuwa hasira. Binti yangu alimwaga chai mezani nikampigia kelele ambazo nyumba ile haijawahi kuzisikia, akakimbilia kwa mama yake. Usiku ule mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, kesho tunakwenda hospitali." Sikubisha.

Muuguzi wa afya ya akili aliyetupokea alinieleza jambo ambalo natamani lingesemwa katika kila msiba wa ajali. Mshtuko ukizidi kimo, akili huzima hisia ili mtu aweze kusimama na kutenda, na haichagui cha kuzima: huzuni inazimwa, na furaha, na ladha ya chakula. Wengi hufunguka wenyewe katika wiki za mwanzo. Ikivuka mwezi na mtu bado yuko vile, halali, anakwepa kila kinachomkumbusha au anaiona ajali upya kichwani, hapo atafute msaada. Hakusema nilie. Aliniagiza nilale saa zile zile kila siku, nitembee, nisitafute nafuu kwenye pombe, na nimtaje marehemu kwa jina ndani ya nyumba. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, maana tulikuwa tumezoea kusema "marehemu" kana kwamba hakuitwa kitu.

Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mdogo wangu alikuwa na miaka 27. Nikiisoma hesabu hiyo nawafikiria wale wasiohesabiwa: walioambiwa kwa simu, waliosaini mochwari, wanaokwenda kazini wakiwa hawasikii kitu, na nyumbani wanaambiwa wamebadilika.

Kesi ilipotajwa, tulikwenda mahakamani. Dereva wa lori alisimama kizimbani, kijana tu, ameukazia macho ukuta. Aliulizwa jina akajibu, akaulizwa kazi akajibu, sauti haipandi wala haishuki. Binamu yangu akaninong'oneza, "Mtazame, kaua mtu na wala hana habari." Nilikuwa na hasira naye kijana yule, na bado ninayo, sijamsamehe na sitaki kujifanya nimemsamehe. Lakini sauti ile niliijua. Ndiyo niliyoitumia kuuliza gari la maiti ni shilingi ngapi. Nikamwambia binamu yangu kwamba hatujui kilicho ndani ya mtu yule, anyamaze tusikilize kesi.